Telesia na Kompyuta ya Kufuli Tatu

Siku ya kwanza nilipofanya biashara na Telesia, alinikalisha kwenye kigoda kabla hajaniuliza jina. Nilikuwa nimeshusha Makambako shehena ya kompyuta za mezani nilizozinunua mnadani Dar es Salaam baada ya ofisi moja kufunga milango, na nyingi zilikuwa ukiziwasha zinakataa kuingia ndani. Nyingine zilidai neno la siri la watu waliokwisha kuondoka na maisha yao. Nyingine zilitoa mstari wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kisha zikanyamaza. Watu wa njia panda waliniambia nimtafute fundi mwanamke anayefanyia kazi chini ya ngazi za gesti, pale magari ya Songea yanapokata kona. Nikamkuta amevaa koti zito na kofia ya kufuma, jiko la mkaa liko miguuni pake, anakula viazi vya kuchemsha na pilipili.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene. Kaa hapo uungame," akasema, na kunionyesha kigoda kwa kile kiazi alichoshika.

Nilidhani anatania. Telesia amezaliwa kando ya misheni moja nje kidogo ya mji wa Njombe, Mkatoliki wa kuzaliwa, na desturi ya kuungama alikuwa ameihamishia kwenye ufundi. Hakugusa hata skrubu moja kabla mwenye mashine hajasema kila kitu: ilianzaje, nani aliigusa, alibonyeza nini, kilifuata nini. Ukificha, anaendelea kula. Ukikasirika, anakukaribisha kiazi. Mafundi wengine wa njia ile dawa yao ilikuwa moja kwa kila ugonjwa, kupiga windo upya, yaani kufuta kila kilichomo na kuweka mfumo mpya, kama daktari anayemkata mguu hata mwenye mafua. Yeye alisema mashine karibu zote anazoletewa haziumwi. Zimekataa tu kuwaka kwa sababu mtu alibadilisha kitu kwenye ulinzi wake na hataki kukisema.

Nilimwambia nilichokijua, ambacho kilikuwa kidogo: mnada, lori, mvua ya njiani. Tukaingia kwenye bei. Mimi nilianzia chini sana, yeye akaanzia juu sana, na tulipokaribia kukutana katikati akageuza mazungumzo. Hataki hela, akasema. Zitakazoamka nizichukue bure. Zitakazoshindikana ziwe zake.

Nikamwona mjinga. Nani anafanya kazi ili alipwe mabati? Nilikubali palepale, na kwenye shughuli zangu kukubali palepale si dalili nzuri, ila siku ile sikuiona.

Jioni ileile alikuwa ameamsha nyingi. Nne zikashindikana, nikamwachia kwa moyo mweupe. Nilipopita tena baada ya siku chache nikakuta mbili kati ya hizo nne zinawaka mezani kwake, ya tatu imeshauzwa. Alikuwa ametoa kiungo hapa akatia pale. Nilimuuliza imekuwaje wakati tulisema zimekufa.

"Zilikufa kwako, zikafufuka kwangu," akasema. "Tulipatana hivyo au hatukupatana hivyo?"

Tulipatana hivyo. Niliondoka nimenuna, na shehena iliyofuata nikampelekea yeye, kwa sababu kununa hakuamshi kompyuta.

Ndivyo nilivyoanza kumjua. Alisomea uhazili, akaajiriwa kuchapa barua kwenye ofisi ya misheni. Kompyuta ya ofisi ilikuwa mbovu kila mwezi, na fundi wake alitoka Iringa, akifika amechoka na ana haraka. Telesia alisimama nyuma yake akimuuliza kila anachogusa, mpaka yule bwana akaona nafuu amfundishe ili simu za kuitwa zipungue. Alipoacha kazi hakutaka sherehe ya kuagwa wala kanga. Aliomba apewe kompyuta zote za zamani zilizokuwa stoo zinalaliwa na paka, na huo ndio ukawa mtaji. Sasa anaishi Mahongole na mumewe Odilo, dereva wa lori la kukusanya majani ya chai kule Lupembe, ambaye wiki nyingi anarudi nyumbani Jumamosi tu. Wakati ule asubuhi alikuwa kwenye mahindi, mchana chini ya ngazi. Anapenda kushinda. Nimemwona akimbishia muuza nyanya ambaye ameshashusha bei mara mbili, si kwa shida, ni kwa mazoezi.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, nacho ni zile ngazi. Mhudumu wa gesti akipiga deki asubuhi, maji machafu yalidondokea kwenye mashine za watu, akawa anazifunika kwa nailoni kama maiti. Wageni wakishuka walimwagia vumbi la viatu. Alitaka fremu ya biashara yenye mlango na dirisha, na aliitaka Njombe mjini, kwenye ofisi na vyuo, maana Makambako wateja wake wengi walikuwa wapita njia ambao hawarudi kusema asante wala kuleta mwenzao.

Mimi nami nilikuwa natafuta fremu Njombe. Na iliyokuwa wazi ilikuwa moja.

Ilikuwa Mjimwema, kando ya barabara, mali ya kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri. Kwaya ilijenga fremu mbili kwa nguvu zake. Moja ilichukuliwa na fundi cherehani, ya pili ilikuwa inakauka rangi. Tuliomba wote wawili. Sikumficha Telesia, na yeye hakunificha. Kwaya ikasema itatoa jibu baada ya uzinduzi wa nyimbo zao mpya. Katika kusubiri huko, kwaya ikahitaji kompyuta ya kurekodia. Niliwauzia moja nzuri kwa bei ya chini ambayo sijawahi kumuuzia mtu. Telesia akapanda kutoka Makambako kuja kuwafungia, na hakutaka hata nauli. Kwaya ile ilihudumiwa na watu wakarimu kweli.

Hapo ndipo habari ya kufuli tatu ilipoanzia. Mwaka uliotangulia nyimbo zao zilirekodiwa kwenye studio ya mtu, na kabla ya uzinduzi zikavuja. Waendesha bodaboda wakawa wanazipiga kwenye spika, na siku ya uzinduzi wenyewe mgeni rasmi akawa anaimba nao ubeti wa pili bila kutazama karatasi. Aibu ile ilikuwa haijaisha. Mama Dorika, mweka hazina wa kwaya, ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka hisa, na alikuja na wazo ambalo kila mtu chumbani alilielewa mara moja.

"Sanduku letu la hisa lina kufuli tatu na wenye funguo watatu," akasema. "Mmoja akiumwa hatufungui. Mmoja akisusa hatufungui. Tangu tuanze halijapotea hata shilingi. Sasa kompyuta iliyobeba sauti zetu iwe na mlango mmoja kama banda la kuku?"

Telesia akawaambia kompyuta si sanduku. Sanduku ukilibadilisha bawaba linafunguka vilevile, lakini kompyuta inakagua bawaba zake kila inapoamka, ikiona moja ni ngeni inagoma. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakapiga kura, kufuli tatu zikapita.

Basi akazifunga. Ya kwanza ilikuwa neno la siri linaloulizwa mara tu ukibonyeza swichi, kabla ya kingine chochote. Hilo akapewa Mama Dorika. Ya pili ilikuwa ya diski yenyewe, ambayo kila kilichomo kinavurugwa kisisomeke mpaka itajwe namba fupi, na namba hiyo akapewa Ezekieli, mwalimu wa kwaya. Ya tatu ilikuwa mlango wa kawaida wa windo. Hiyo akapewa Brayson, mpiga kinanda, mwanaume wa makamo mwenye saluni ya kunyoa na vidole visivyotulia. Juu ya zote akawasha ulinzi wa kuwaka, ule unaohakikisha mashine haipokei mfumo isioutambua. Kila mmoja alipoandika siri yake wengine tuligeuka kutazama ukuta, kama wanavyofanya akina mama kwenye sanduku. Nilisimama nimetazama ukuta pamoja na kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na hakuna aliyecheka.

Mwishoni mashine ikatoa namba ndefu ya uokoaji, mistari na mistari ya tarakimu. Telesia akaichapa kwenye karatasi na kuwaambia waitunze, kwamba diski ikigoma siku yoyote ni hiyo itakayowatoa. Mama Dorika akauliza kama karatasi hiyo inaweza kufungua diski bila Mwalimu Ezekieli kuwepo. Telesia akasema ndiyo, ndiyo kazi yake.

"Basi huo ni ufunguo wa nne," akasema Mama Dorika. "Na atakaa nao nani?"

Hakuna aliyetaka mwenzake akae nao. Wakakubaliana wauchome. Karatasi ikatiwa kwenye jiko lililokuwa linachemsha chai ya mazoezi, Mwalimu akaomba sala fupi, na nyimbo zikapigwa marufuku kunakiliwa kwenye flashi yoyote. Baadaye nilimuuliza Telesia kwa nini hakubaki na nakala kimyakimya. Akasema angebaki nayo, halafu siku wimbo ukisikika kwa bodaboda, mwizi angekuwa ameshapatikana, tena wa dhehebu jingine.

Wakarekodi miezi kadhaa. Mambo yakaenda vizuri mpaka juma la uzinduzi lenyewe.

Alhamisi ilibaki kazi ya mwisho ya kusawazisha sauti ili Jumapili wazindue. Mama Dorika alikuwa Lupembe kwa kaka yake. Chai ilikuwa imechipua sana, lori la majani halimsubiri mtu, na mtandao kule shambani unakuja na kuondoka upendavyo. Alisema atarudi Jumamosi na neno lake kichwani. Brayson hakuweza kusubiri. Mteja mmoja aliyekuwa kwenye kiti chake cha kunyolea alimwambia hiyo kufuli ya kwanza ni ya kitoto. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara ya kuendesha saa, ukiichomoa ukasubiri kidogo, mashine inasahau neno. Brayson alifunga saluni akaenda kujaribu. Naamini alimaliza kichwa cha mtu kwanza, ingawa sina hakika.

Na ni kweli, kufuli ya Mama Dorika ilianguka. Ila ilipoanguka, badala ya namba fupi ya Mwalimu, kikaja kioo cha bluu kikidai ile namba ndefu. Namba ndefu ilikwishakuwa moshi.

Mwalimu Ezekieli alinipigia simu. "Elius, mashine yako imekula nyimbo."

"Mashine yenu, Mwalimu," nikamjibu. "Mimi niliuza."

Lakini nilikwenda, na njiani nilikuwa napima. Nyimbo zikipotea, Njombe nzima itasema kompyuta za Elius zinameza kazi za watu. Kwa upande mwingine, nyimbo zikipotea Telesia hapati fremu, na mimi nabaki mwombaji peke yangu. Nilipima mpaka nikafika Mjimwema na mizani haikulala upande wowote.

Niliwakuta wanakwaya wamejaa ofisini kwao. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa ameshafungua mkoba, anasema dawa ni kupiga windo upya. Mwalimu, mtu mzima aliyekwisha kuchanganyikiwa, alikuwa anaelekea kukubali. Nikampigia Telesia na kuweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Asiguse mtu," akasema. "Hata vumbi msifute. Mkipiga windo, jiandaeni kuimba upya kuanzia wimbo wa kwanza."

Yule fundi akafunga mkoba. Tukapakia kompyuta kwenye gari langu kuteremka Makambako, Mwalimu ameipakata, kaifunika blanketi, Brayson yuko nyuma. Mimi nilitia kwenye buti kompyuta nyingine iliyokuwa inasubiriwa na mteja Makambako, kwa sababu siendeshi gari tupu. Njia nzima Mwalimu alirudia neno moja: nyimbo hizi zikipotea, aliyefunga zile kufuli asikanyage hata kivuli cha fremu yetu. Sikumtetea Telesia wala sikumpinga Mwalimu. Nilikuwa naendesha.

Telesia alipotuona alisogeza kigoda. Mwalimu akaanza kueleza, akamzuia kwa mkono. "Nani aliigusa?"

"Hakuna," akasema Brayson. "Umeme ulikatika, uliporudi ikawa hivi."

Telesia akachukua kiazi akaanza kukimenya, taratibu, kwa kucha. Akaja mteja wa chaja, akamuuzia, wakaulizana habari za mbolea. Akarudi kwenye kiazi. Mwalimu Ezekieli alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile ya Makambako.

"Fundi," akasema, "Jumapili ni uzinduzi."

"Najua, Mwalimu. Namsubiri Brayson."

Brayson akatazama barabara. Lori lilipita, na la pili.

"Kaka Brayson," Telesia akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "mimi si padri, sikupi malipizi. Niambie tu vidole vyako vilipita wapi. Nikiingia humo bila kujua, naweza kumalizia ulichokianza."

Ndipo akakaa kwenye kigoda na kusema. Alichomoa betri. Mwalimu akashika kichwa. Kioo cha bluu kilipokuja, alimpigia yule mteja wake, naye mteja akamwelekeza aingie kwenye ukurasa wa mipangilio ya chini, ule mafundi wanaouita bayosi, abadilishe aina ya kuwaka iwe ya zamani. Akabadilisha. Ikawa mbaya zaidi. Akagusagusa na vingine ambavyo havikumbuki vyote.

"Halafu?"

"Halafu kikaja kioo cheusi, na swali la Kiingereza. Linasema sijui kufuta nini, nibonyeze Y au N."

Telesia akaacha kutafuna. "Ulibonyeza ipi?"

"N."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kwa nini N?"

"Mimi nikiulizwa jambo kwa Kiingereza na sijalielewa, nakataa," akasema Brayson. "Nilishawahi kukubali mara moja, ukawa mkopo."

Telesia alicheka mpaka kofia ikamdondoka kwenye jiko, tukaiokoa. Kisha akatueleza alichokiogopa. Ufunguo wa diski ile unatunzwa na chipu ndogo ndani ya mashine. Kila asubuhi chipu inaikagua nyumba: mlango ni uleule, ulinzi umewashwa kama siku ile tulipofunga? Ikiridhika inamruhusu Mwalimu ataje namba yake. Ikiona kitu kimebadilika, inanyamaza na kudai namba ndefu. Brayson angebonyeza Y, chipu ingeusahau ufunguo kabisa, na kilichokuwa kwenye diski kingebaki uji milele. Kwa kuwa alikataa, chipu bado inakumbuka, ila imesusa. "Kwa hiyo hatuvunji kitu," akasema. "Tunairudisha nyumba kama ilivyokuwa siku ya kufunga, mpaka iseme hawa nawajua."

Akatia betri mpya. Akarekebisha tarehe, akarudisha aina ya kuwaka kuwa mpya, akawasha ulinzi wa kuwaka. Akawasha mashine, wote tukainama.

Kioo cha bluu.

Akarudi tena ndani, akapekua kurasa, akawasha tena. Bluu. Mwalimu akakaa chini kwenye ngazi. Nilimtazama Telesia na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamwona hajui. Kulikuwa na kurasa nyingi, Brayson hakumbuki alikopita, na siku ile ya kufunga alifanya kazi na kwaya nzima imetazama ukuta, hana aliyemsaidia kukumbuka. Akafikiri kidogo, halafu akatazama gari langu.

"Ile iliyo kwenye buti ni ya shehena ileile?"

"Ni pacha wake," nikasema. "Uliiamsha mwenyewe, mipangilio hujaigusa tena."

"Ilete."

"Ina mwenyewe. Nimemwahidi haijafunguliwa nailoni."

"Nataka kuitazama, Elius, siendi kuioa."

"Nailoni ikifunguliwa mteja atashusha bei. Nani atanifidia?"

Akafuta mikono kwenye koti, akanigeukia kwa mwili mzima. Tulikuwa tunajuana. "Sema unachotaka, tajiri."

"Ukipata fremu, nusu yangu. Rafu zangu upande mmoja, kodi nusu kwa nusu."

"Na ukiipata wewe?"

"Nikiipata mimi tutaongea."

"Hatutaongea kitu. Nikiipata mimi, nusu yako. Ukiipata wewe, nusu yangu. Kama hutaki, peleka pacha kwa mwenyewe, na mimi niwaambie hawa wameshindwa kwa ajili ya nailoni."

Mwalimu Ezekieli akasimama pale kwenye ngazi. "Yaani mnapatana bei, na nyimbo zangu zimelala hapo mezani?"

"Vumilia, Mwalimu," Telesia akamwambia bila kuniondolea macho. "Huyu asipopatana, mikono yake haifanyi kazi."

Nikaangalia pande zote za jambo lile. Kama nyimbo zingekufa, fremu ingekuwa yangu yote, lakini ningeifungua ikiwa na jina la kompyuta zinazomeza kwaya. Nusu ya fremu yenye jina safi ilikuwa na faida zaidi. Nikaleta pacha.

Wakaziweka ubavu kwa ubavu. Mwalimu alisoma kilichoandikwa kwenye pacha, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti ya kuongoza ibada, na Telesia akalinganisha na ya kwaya. Vilikuwa sawa, sawa, sawa, mpaka wakafika kwenye ulinzi wa kuwaka. Zote mbili zilisema umewashwa. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, pacha ilisema unafanya kazi, na ya kwaya ilisema haufanyi kazi.

"Umewashwa lakini haufanyi kazi," akasema Telesia. "Mlinzi yupo getini, kitambulisho hana." Betri ilipotoka, na Brayson alipogusagusa, alama za kiwandani ambazo ulinzi unatumia kumtambua anayeingia zilifutika. Akatafuta mahali pa kuzirudisha, akazirudisha, akahifadhi, akawasha.

Kioo cheusi. Halafu mstari mmoja mweupe ukiomba namba fupi.

Brayson akageuka kutazama ukuta, nami nikageuka, hata mteja aliyekuja kuchukua simu yake akageuka bila kujua kwa nini. Mwalimu akakosea mara ya kwanza. Mara ya pili ikakubali. Brayson akaingiza neno lake, na nyimbo zikawa palepale zilipoachwa. Wakafungulia mmoja kuhakikisha. Sauti za akina mama zikatoka kwenye spika ndogo ya Telesia, na abiria wa basi la Songea wakageuza shingo madirishani.

"Zima," akasema Telesia. "Utavuja."

Kabla hawajaondoka aliwalazimisha wanakili nyimbo kwenye diski ya pembeni, na namba ndefu ikachapwa upya. Safari hii hakuna aliyeulizia jiko.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Dorika. Alirudi Jumamosi na neno lake kichwani, akaambiwa limeondoka na betri ya ukubwa wa kifungo cha koti. Hakulalamikia nyimbo wala uzinduzi. Alichotaka kujua ni kwa nini wenzake walipewa kufuli na yeye akapewa kifungo. Telesia hakubishana naye. Alimwambia kasha la kompyuta lina tundu la kutia kufuli ya chuma ya kawaida, ili hata betri isifikiwe. Mama Dorika alikwenda dukani akanunua kubwa kuliko tundu, akarudishwa, akanunua nyingine. Sasa ufunguo anauvaa shingoni, na nadhani ameridhika zaidi kuliko hao wengine wenye namba.

Uzinduzi ukafanyika, na mgeni rasmi safari hii alisikiliza kama mgeni. Kamati ikakaa juma lililofuata kuhusu fremu. Nilisikia kutoka kwa Brayson kwamba hapakuwa na mjadala mrefu. Mama Dorika aliuliza tu, Elius anatuuzia na Telesia anatufungulia, ninyi mnataka yupi awe jirani? Telesia akapata fremu, na jioni ileile nikaenda na futi kamba kupima nusu yangu. Alikuwa ameshaipima. Nusu yake ina dirisha.

Hivyo ndivyo tulivyo hadi sasa. Kwaya ina nyimbo zake na inapokea kodi yake. Telesia ametoka chini ya ngazi, ana mlango, na anapata kazi za ofisi ambazo Makambako asingeziona. Amepoteza wapita njia waliokuwa wanalipa bila kubisha, na amepoteza asubuhi za shambani, maana ni lazima awahi gari la Njombe. Mahindi yake mwaka huu yalipaliliwa na Odilo, Jumapili baada ya misa, na yanaonekana kama yalipaliliwa na dereva.

Mimi nimepata rafu, na fundi hatua chache kutoka kwenye mzigo wangu. Nilichopoteza nilikijua siku mteja mmoja aitwaye Rejoice, mhasibu wa chuo, alipokuja kuchagua kompyuta. Akaniuliza kama ina tatizo lolote. Nikamwambia ni safi kabisa.

"Mwambie ilikuja imefungwa, tukaifungua," sauti ikatoka upande wa dirishani. "Mwambie na betri ya saa ni ya kubadilisha."

Nikamwambia. Rejoice akashusha bei palepale, tukavutana, akainunua kwa chini ya nilivyopanga, na siku mbili tatu baadaye akaleta wenzake wawili wa ofisini. Imekuwa hivyo kwa kila mashine: faida inapungua na mzigo unatoka haraka. Nikijumlisha yote niko juu kidogo. Telesia anajua kuwa niko juu kidogo, na kuhusu kodi ya mwaka ujao ameshasema nusu kwa nusu haikuwahi kuwa nusu sawa.